Acha kumuangalia steringi peke yake: jinsi ya kumuona dairekta kwenye muvi za kipelelezi

Sie tuliokulia vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mtaani, muvi tulikua tunaziita kwa jina la steringi. Hii ya Van Damme, ile ya Jet Li, kesho inakuja mpya ya Arnold, basi. Dairekta ni nani, nani anajali, jina lake likipita pale mwanzo ndo muda wa watu kugombania benchi na mwenye kibanda kurekebisha sabufa. Mi nimekuja kushtuka ukubwani kabisa, siku moja nimeazima flashi ya jamaa ina Mission Impossible zote, nikaanza ya kwanza usiku, nikaunganisha ya pili, na katikati ya ya pili nikasimamisha nikajiuliza hivi huyu ni yule yule kweli? Jina lile lile Ethan Hunt, sura ile ile ya Tom Cruise, muziki ule ule, ila kwenye ya kwanza jamaa ananing'inia kwenye kamba na chumba kimya mpaka unasikia pumzi, kwenye ya pili pikipiki zinaruka kwa slomosheni na njiwa anakatiza kwenye moto. Kilichobadilika ni aliyekaa nyuma ya kamera.

Toka hapo nimekua na namna yangu ya kuziangalia hizi muvi na ndo naimwaga hapa, kwa mtu anaetaka kuijua series ya kipelelezi kwa ndani zaidi ya kusema kali au mbovu. Angalizo tu, natoboa miisho ya muvi kadhaa, kama hujaziona na hupendi kuharibiwa utamu ishia hapa, urudi ukimaliza.

Anza na Mission, Bond subiri kwanza

Watu wengi wakitaka kujifunza haya mambo wanakimbilia James Bond coz ndo kongwe, imeanza 1962. Mi nasema hapana. Bond anabadilika dairekta na anabadilika steringi pia, sa ukiona muvi imekaa tofauti hujui ni kwasababu ya yupi. Mission ni kama mtu kachukua kuku mmoja kawapelekea wapishi watano. Kutoka 1996 mpaka 2025 zimetoka muvi nane, steringi ni mmoja tu, madairekta watano: Brian De Palma ya kwanza (1996), John Woo ya pili (2000), J.J. Abrams ya tatu (2006), Brad Bird ya nne (2011), af Christopher McQuarrie akachukua zote nne zilizobaki (2015, 2018, 2023 na 2025). Kuku ni yule yule, kwahiyo ladha ikibadilika unajua moja kwa moja ni mkono wa mpishi.

Usiangalie muvi nzima, chukua sini moja

Hii ndo mbinu yenyewe na ndo itakayokusaidia kuliko zote. Karibu kila Mission ina sehemu ya kuingia mahali pasipoingilika, kuiba kitu na kutoka. Chukua hiyo sini tu kwenye kila muvi, ziangalie kwa kufuatana usiku mmoja, dakika kumi kumi.

Ya De Palma ndo ile ya chumba cha CIA pale Langley. Sakafu ukiikanyaga kengele, joto likipanda kengele, sauti ikizidi kidogo kengele. Ethan anashushwa kwa kamba kutoka kwenye njia ya hewa juu ya dari, anaeshika kamba ni muigizaji Jean Reno, na huko juu kuna panya. Panya anakuja, Reno anastuka, kamba inateleza, Ethan anashuka mpaka anabakiza kidogo sana kugusa chini, katanua mikono kama anaogelea hewani, af jasho linaanza kutembea kwenye kioo cha miwani yake, tone moja, linavuta, linavuta, linadondoka, analidaka kwa kiganja. Hamna muziki. Hamna mtu anaepigwa ngumi. Tom Cruise amewahi kusimulia kwamba alikua anapoteza balansi kichwa kinatangulia chini, akaomba sarafu kwa watu wa pale lokesheni akazitia kwenye viatu ndo akatulia. Na tumetegwa muda wote huo na tone la jasho, ndo uone huyu mzee anavotesa watu.

Hapa niseme kitu kimoja ambacho nimekigundua kwa uchungu. Hii sini kama uliiona ile iliyotafsiriwa, hujaiona. Mi ya kwanza niliiona hivo, mtafsiri anaongea mwanzo mwisho, "sasa hapo kijana anajua akigusa chini tu kwisha habari yake", na kweli anachekesha na nampa heshima zake, ila silaha ya dairekta pale ni kimya, na kimya chote kimejazwa maneno. Tafuta ya sauti ya asili, vaa hedifoni.

Haya nenda ya Woo. Na yeye kaweka kamba! Ethan anashuka toka kwenye helikopta kuingia ndani ya ghorofa la kampuni ya madawa kule Sydney, ila yake ni kamba ya spidi, jamaa anadondoka kama jiwe, muziki juu, na hazipiti dakika nyingi kumeshageuka risasi za pande mbili vioo vinapasuka. Kamba ile ile, De Palma kaifanya upumue taratibu, Woo kaifanya usimame kwenye kiti.

Ya Abrams ndo inachekesha. Ethan anaruka kuingia kwenye jengo Shanghai kuiba kitu kinaitwa Rabbit's Foot, we umekaa vizuri unasubiri wizi, af kamera inabaki nje na wenzake kwenye gari. Wizi wenyewe hauonyeshwi kabisa! Unasikia tu redioni, mara jamaa huyo katoka nacho. Mara ya kwanza nilidhani kopi yangu imekatwa. Baadae ndo nikaelewa kwamba alishaona sini za wizi zimezoeleka, yeye anachojali ni mke wa Ethan yuko mikononi mwa adui, kwahiyo kairuka makusudi.

Bird kaipeleka Kremlin. Ethan na mwenzake wa timu Benji wamejificha nyuma ya skrini kubwa inayoonyesha picha ya korido tupu, na picha inajirekebisha kufata macho ya mlinzi, kwahiyo mlinzi anaona korido haina mtu kumbe skrini inasogezwa kidogo kidogo kumfuata. Ni kimya kama ya De Palma lakini unacheka badala ya kutetemeka, na inavurugika pale wanapotokea watu zaidi ya mmoja, skrini haijui ifate macho ya nani. Ni katuni ile, katuni ya watu wazima.

McQuarrie kwenye ya tano kaizamisha kwenye maji. Ethan anabana pumzi kubadilisha kadi kwenye mtambo kule Morocco, muziki umezimwa, kadi inampotea, na anaekuja kumuokoa ni Ilsa, yule dada jasusi. Kwenye ya De Palma aliponea jasho lake mwenyewe, hapa peke yake angekufa. Andika hiyo pembeni.

Uliza ametokea wapi

Ukishaangalia hizo sini unapata maswali, majibu mengi yako kwenye kazi alizofanya huyo mtu kabla. Bird alikua mtu wa katuni, ndo aliyetengeneza The Incredibles na Ratatouille, na Mission ya nne ilikua muvi yake ya kwanza ya watu halisi. Sa ndo unaelewa kwanini kwenye muvi yake vifaa vinaharibika kila saa. Glovu ya kukwea Burj Khalifa inakufa Ethan akiwa nje kwenye kioo, mashine ya kutengenezea sura bandia inagoma, mpaka simu inayotakiwa ijilipue yenyewe haijilipui mpaka Ethan arudi aipige kofi. Watu wa katuni ndo michezo yao hiyo, kitu kinagoma wakati mbaya kuliko wote.

Woo alikua ameshajijenga Hong Kong na muvi za bastola mbili mbili, na mwaka 1997 akatoa Face/Off, ile Travolta na Nicolas Cage wanabadilishana sura. Kabla ya Mission ya pili iangalie hiyo kwanza, af utaona kwanini ya pili watu wanavua sura kama wanavua kofia. Abrams ametoka kwenye tamthilia za TV, Tom Cruise alimchukua baada ya kuona Alias, na ya tatu ndo muvi yake ya kwanza kabisa kama dairekta wa sinema. Mtu wa TV anajua akikupoteza dakika ya kwanza unabadili chaneli, kwahiyo anaanza na adui ameshika bunduki anahesabu mpaka kumi mbele ya Ethan aliyefungwa, af anakata anarudi nyuma. McQuarrie ni mwandishi, ana Oscar ya skripti ya The Usual Suspects, ndo maana muvi zake hata mtu akiwa anadondoka toka kwenye ndege bado kuna mazungumzo ya nani anamdanganya nani.

De Palma huyu anamuiga Hitchcock, yule dairekta wa zamani wa muvi za kutia wasiwasi, na wala hajifichi. Angalia sini ya mgahawa wenye matangi ya samaki kule Prague, Ethan na bosi wake Kittridge wanaongea mezani, na kadri Ethan anavogundua kwamba yeye ndo anashukiwa kamera inazidi kulalia upande na inazidi kusogelea sura kutokea chini. Hujaambiwa kitu ila tumbo linajua kuna tatizo. Af mwaka 2023 Kittridge anarudishwa na McQuarrie, muigizaji yule yule Henry Czerny, na kamera inalalia upande tena. Mimi nilipiga kofi peke yangu sebuleni, mke wangu akauliza nini, nikashindwa kueleza.

Weka daftari la madeni

Naita madeni kwasababu kila dairekta akiondoka anaacha kitu ambacho anaefuata hawezi kukikwepa, ama akilipe ama akikatae mchana kweupe. Hapa ndo matarajio yetu sisi watazamaji yanapotengenezwa. Woo mwanzoni mwa muvi yake alimning'iniza Tom Cruise kwenye jabali kule Utah, haina uhusiano mkubwa na stori, ni mbwembwe tu. Bird akaja na Burj Khalifa, mita 828, jamaa yuko nje kweli. Baada ya hapo McQuarrie angefanya nini? Akamning'iniza nje ya ndege kubwa ya jeshi inapaa, tena mwanzoni kabisa mwa muvi, yaani kama anasema deni lenu hilo hapo nimelipa, sa tulieni niwape stori. Na mpaka leo trela ya Mission ikitoka swali la kwanza mtaani ni safari hii anaruka toka wapi. Mwaka 1996 hakuna aliyeuliza hivo.

Gharama yake ipo pia. Wakishuti ya sita Tom Cruise aliruka toka jengo moja kwenda lingine London akavunjika kifundo cha mguu, na ile teki wameiacha ndani ya muvi, unamuona anainuka anachechemea kwenda nje ya picha.

Deni lingine ni Rabbit's Foot. Abrams hakusema ni kitu gani, makusudi, muvi inaisha hujui. Miaka 19 baadae McQuarrie kwenye ya nane akaieleza, akaifunga na adui wa muvi hiyo, akili bandia (AI) inayotaka kumaliza dunia. Mi hapo sikubaliani nae, kitu kilikua kitamu kwasababu hakijulikani, kukieleza ni kama mtu kukufafanulia utani. Ila deni moja alilolipa vizuri mpaka nikamsamehe ni la yule mfanyakazi wa CIA aliyeibiwa kwenye chumba cha Langley, Donloe. Kwenye ya kwanza alikua kichekesho tu, kawekewa dawa anatapika, anarudi anakuta kisu kimechoma meza, Kittridge anaagiza apelekwe Alaska. Basi 2025 tunamkuta huko huko kwenye baridi, muigizaji yule yule Rolf Saxon, ameshakua mzee, ana maisha yake, na kisu kipo. De Palma alimtumia kama takataka ya stori, McQuarrie karudi kuokota.

Na usisahau deni la kwanza kabisa, ambalo De Palma alilikataa mchana kweupe. Mission ilikua tamthilia ya TV toka 1966 na shujaa wake kuanzia 1967 alikua Jim Phelps. De Palma kamfanya Phelps ndo msaliti! Mashabiki wa zamani walichukia kweli, ila toka siku hiyo ukiangalia Mission yoyote humuamini mtu yeyote kwenye timu, na huko kutokuamini ndo muvi saba zilizofata zimeishi humo.

Sasa geuza jaribio, ndo uende Bond

Kwenye Mission tulishika steringi mmoja tukabadili dairekta. Bond inakupa kinyume chake: Martin Campbell, dairekta mmoja, Bond wawili. Alimuanzisha Pierce Brosnan kwenye GoldenEye mwaka 1995, akarudi kumuanzisha Daniel Craig kwenye Casino Royale mwaka 2006. Weka sini mbili tu pembeni. GoldenEye, Brosnan yuko ndani ya kifaru St Petersburg, anabomoa ukuta, matofali yanaruka, anatokea upande wa pili anarekebisha tai. Casino Royale, Craig anamkimbiza jamaa kwenye jengo linalojengwa, jamaa anapenya kitundu kidogo juu ya ukuta kama paka, mwepesi, msafi, Craig akifika hapenyi, anaupasua ukuta na mwili wake anatokea amejaa vumbi.

Dairekta yule yule, wazo lile lile la mtu kupita ukutani, ila kamsoma kila steringi ana mwili gani na dunia inataka nini mwaka huo. Ukielewa hizo sini mbili umemuelewa Campbell, mengine ni nyongeza. (Ile ya kukimbizana wameandika Madagascar ila walishuti Bahamas, na kuna sini nyingine imeandikwa Mbale, Uganda, ndo Afrika Mashariki yetu kwenye Bond hiyo, waasi na mabegi ya hela, sijui nicheke au ninune.)

Kwa Bond za zamani pita haraka ila usiwaruke wawili. Terence Young, wa ya kwanza kabisa, alimpeleka Sean Connery kwa fundi wake mwenyewe wa suti, kwahiyo zile nguo ni za dairekta kabla hazijawa za Bond. Na Guy Hamilton kwenye Goldfinger, 1964, ndo gari la Aston Martin linalorusha kiti. Hapo ndo watu wakaanza kudai vifaa kila muvi.

Usimpe dairekta kila kitu

Hapa ndo nilikosea muda mrefu. Stanti nyingi kubwa za Bond zinashutiwa na yuniti ya pili, yaani kundi lingine la kushuti ambalo lina dairekta wake mwingine. Chukua Quantum of Solace, 2008. Dairekta ni Marc Forster, mtu wa drama za watu kulia, af muvi inaanza na magari yanakimbizana huoni hata nani kagonga nani. Nilijaribu kuhesabu picha inakatwa mara ngapi kwa dakika nikaacha, vidole vilichoka. Kumbe dairekta wa yuniti ya pili alikua Dan Bradley aliyetoka kwenye muvi za Bourne, zile za jasusi Jason Bourne, na mmoja wa waliohariri, Richard Pearson, nae alihariri Bourne. Ongeza mgomo wa waandishi Marekani 2007 kuingia 2008, skripti haijakaa sawa. Sa ile staili ni ya Forster? Nusu tu. Na Mission pia, Tom Cruise ni projuza toka ya kwanza, yeye ndo anachagua mpishi.

Ushahidi mwingine uko kwa McQuarrie. Aliporudi kufanya ya sita, akiwa ndo dairekta wa kwanza kurudia Mission, hakutaka ifanane na ya tano, kwahiyo akabadili mpiga picha na akabadili mtu wa muziki. Yaani hata yeye anajua staili ya muvi haikai kichwani kwake peke yake.

Namna mi ninavofanya

Zima sauti, angalia dakika mbili za ugomvi, gonga meza kila picha inapokatwa. Fanya kwa Quantum, af fanya kwa Skyfall ya Sam Mendes (2012), ile ya ghorofani Shanghai, Bond na muuaji wanapigana wamekua vivuli vyeusi tu mbele ya taa za matangazo za bluu. Kamera imetulia haina haraka, na mpiga picha pale ni Roger Deakins. Mkono wako juu ya meza utakuambia tofauti kabla kichwa hakijaipata. Af washa sauti urudie, safari hii fumba macho. Simu inatosha, huhitaji TV ya inchi 65, ila bando ujipange.

La mwisho ni kutabiri. Kibandani tulikua na sheria moja, steringi hafi. Dairekta Cary Fukunaga kwenye No Time to Die, 2021, kamuua Bond, kweupe, makombora yanashuka kisiwani, na nilikaa kimya kama dakika tano nzima. Af Juni 2025 ikatangazwa Bond inayofata ni ya Denis Villeneuve, aliyefanya Sicario, Arrival na Dune. Chukua karatasi leo, kabla hata trela haijatoka, andika unategemea nini kwa kuangalia kazi zake, af uifiche. Yangu nimeshaandika, iko ndani ya kava la simu: sini ndefu ya watu kusubiri kwenye gari bila kuongea, mngurumo wa chini unaotikisa sabufa, jengo kubwa na mtu mdogo mbele yake, utani utapungua sana. Na nimeandika pia kwamba mashemeji zangu watalala dakika ya arobaini.